Neema hakuwa na shosti

Hadithi yangu ya kwanza ya vijana niliisomea watu watano: mpwa wangu na wenzake wa Kidato cha Pili, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya dada. Neema, binti wa shule ya kata, anahongwa simu na kijana wa bodaboda, anapata mimba, anafukuzwa shule, anajuta. Nikaisoma kwa mbwembwe zote.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "simu ilipotokea tu tukajua ana mimba." Mwenzake akaongeza kwamba siku hizi aliyejifungua anarudi shule. Kweli, serikali iliruhusu Novemba 2021. Mimi bado naandika kwa sheria za enzi zangu. Halafu wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote akimenya karanga, akauliza: "Kwani huyo Neema hana shosti?"

Hana. Nilimpa mama mkali, mwalimu mwenye busara, na bibi wa kumwaga nasaha ukurasa wa mwisho. Rafiki nilisahau. Nilikuwa nimeandika kikao cha wazazi.

Kwa hiyo ukitaka kuwaandikia hawa, anza na rafiki. Ukiwa na miaka 14, mzee anakugombeza leo na kesho umeshasahau. Shosti akihamia dawati jingine, usingizi hauji. Kisa kinaweza kuwa kidogo hivyo na kikatosha.

Misimu ya mtaani nayo iogope. Ile niliyoiokota kwenye daladala waliicheka, wakasema hata baba zao wameshaiacha. Sasa naitia kwa kubana kama chumvi, nasikiliza zaidi wanavyokwepa swali. Muulize "Ulikuwa wapi?" uone. Atakujibu, "Si niliaga?"

Yule mwalimu mwenye busara nimemwachisha kazi. Akiwepo, mtoto hapati nafasi ya kukosea mwenyewe.

Neema wa pili nilimtoa kwenye kumbukumbu yangu. Shuleni kwetu, aliyenaswa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Atakayebaki nacho kengele ya jioni ikigonga anachapwa. Nimekivaa, kamba yake ya katani ilikuwa inawasha kuliko fimbo. Basi Neema anacho, kengele imekaribia, darasa zima limefunga mdomo. Mmoja tu ndiye aliyemsogelea sikioni, shosti wake, akamnong'oneza: "Pole."

Kiswahili hicho.

Jumapili iliyofuata niliwasomea mpaka hapo, nikanyamaza kidogo ninywe maji. Mpwa wangu akasema yeye angempa tu, kwani kuchapwa mchezo? Yule wa karanga akaacha kumenya, akamgeukia.

"Ungenipa mimi?"

Ukurasa wa mwisho hatukuufikia siku hiyo.