Uliza Fundi Umeme: Ule waya wa kijani wa geji ya RPM unafungwa wapi?

Safari hii maswali karibu yote ni ya geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), ile takometa ya kununua pembeni na kujifungia mwenyewe kwenye gari ambayo haikuja nayo. Yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina gari ya zamani ya petroli, silinda nne, gia za mkono, ina distributa na koili moja ile ya duara. Dashibodi yake ina spidi, mafuta na joto basi. Nimenunua geji ya RPM imekuja na nyaya nne, mwekundu, mweusi, mweupe na wa kijani, ila karatasi ya maelezo haisomeki. Zinakaa wapi? Na ni kweli nikikosea naweza kuichoma gari?

JIBU: Nzuri. Gari ya namna hiyo ndo rahisi kuliko zote. Rangi ulizotaja ndo zinazotumika kwenye geji nyingi lakini si sheria, kila kiwanda na mambo yake, kwa hiyo kwanza angalia mgongoni kwa geji kama kuna alama pembeni ya kila waya. Kama hamna basi twende na kawaida: mwekundu ni moto wa swichi, mweusi ni ethi yaani hasi ya bodi, mweupe ni taa ya ndani ya geji, na wa kijani ndo unaoleta habari za mizunguko kutoka kwenye injini. Hizo tatu za kwanza hata anayefunga redio anazijua, kazi yote ya geji ya RPM iko kwenye huo wa nne, na karibu kila swali lililoniijia linaishia kwenye huo huo.

Toa kwanza kichwa hasi cha betri, usianze ubishi na umeme. Mwekundu usiuunge moja kwa moja kwenye betri, geji itabaki na moto hata gari imelala na betri itaisha taratibu, tafuta waya unaopata moto ufunguo ukiwa umewashwa na unaokatika ukizima, pima kwa testa kabla hujatoa kichwa cha betri, usikisie kwa rangi. Hapo hapo ulipochukulia moto weka fyuzi ndogo, ampia 1 au 2 inatosha kabisa kwa geji ya kawaida. Nasema hapo hapo kwa sababu naona watu wanaweka fyuzi mgongoni kwa geji ili ionekane vizuri, sasa waya ukisuguka katikati ya safari yake ukagusa chuma hiyo fyuzi iko ng'ambo ya tatizo, haijui chochote, na waya unaendelea kuyeyuka. Umeuliza kuhusu kuchoma gari, basi moto wenyewe unatokea hapo, waya mwekundu usio na fyuzi, au waya wowote uliopitishwa karibu na eksozi ukayeyuka gamba.

Mweusi ufunge kwenye chuma cha bodi uliyokwangua rangi mpaka ikang'aa, sio kwenye skrubu yoyote unayoikuta chini ya dashibodi maana nyingi zimekamata plastiki tu. Mweupe unaunga kwenye waya wa taa za dashibodi, zile zinazowaka na taa ndogo. Kuna gari ambazo kile kipunguza mwanga cha dashibodi kinafanya kazi upande wa hasi, hizo ukichukua waya usio sahihi taa ya geji inawaka kinyume au haizimiki, ikikutokea hivyo chukua moto wa taa ndogo moja kwa moja na mambo yaishe.

Haya, wa kijani. Koili yako ina temino mbili ndogo na mdomo mmoja mkubwa katikati. Temino moja ni chanya, inapata moto wa swichi, nyingine ni hasi na waya wake unaelekea kwenye distributa. Wa kijani unaenda kwenye HASI. Kila mara upande ule wa hasi unapokatwa plagi moja inapiga cheche, na geji inachofanya ni kuhesabu huko kukatwa. Injini ya silinda nne ya kawaida inapiga cheche mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ikiwa 750 geji inapokea mapigo 1500 kwa dakika, yaani 25 kila sekunde, na ukipiga resi mpaka 6000 yanakuwa 200 kwa sekunde. Ukiufunga kwenye chanya pale umeme haukatiki katiki, upo tu, mshale utakaa sifuri na utadhani umeuziwa geji mbovu.

Mdomo mkubwa wa katikati wala usiusogelee, ule unapeleka volti zaidi ya 20,000 kwenye plagi na geji itakufa papo hapo. Hata ile hasi usiione ya volti 12 ukaidharau, inapokatwa inaruka kwa muda mfupi sana mpaka volti mia tatu na zaidi, kwa hiyo injini ikiunguruma hakuna kushika shika pale. Kama gari ilishawekwa boksi la cheche la CDI usiunge kabisa kwenye koili, boksi hilo lina temino yake ya geji.

Waya upitishe kwenye tundu lenye raba kwenye ule ukuta kati ya injini na kabini, bati tupu litaukata kwa mtetemo tu. Viungo vibane na temino za plaisi kisha vifunike, kusokota waya na kuzungushia tepu ni kazi ya kurudiwa.

SWALI: Mkuu nimefunga geji mwenyewe na inafanya kazi ila namba zake zinanichanganya, sailensi inasoma kama 400 na barabarani hata nikikanyaga mafuta yote mshale haufiki 3000. Injini ni silinda nne. Nimeuziwa feki?

JIBU: Sidhani, geuza geji uangalie mgongoni. Nyingi zina kaswichi kadogo, au vijiti, au waya wa kukata, vya kuchagua 4, 6 au 8, ndo silinda hizo, na yako naona imetoka dukani ikiwa kwenye 8. Injini ya silinda nane inapiga cheche nne kwa mzunguko, geji ikiambiwa 8 inagawa mapigo yako kwa nne badala ya mbili, kwa hiyo kila unachokiona ni nusu ya ukweli. Ingekuwa kwenye 6 ungesoma theluthi mbili, yaani 750 ingeonekana 500. Na mwenye silinda nane akiweka 4 atasoma mara mbili na atakuwa anabadili gia kila baada ya mita chache kwa hofu. Zima, hamisha swichi, washa tena, maana geji nyingine zinasoma hiyo swichi pale tu zinapopata moto.

Ila kabla hujaishika swichi hakikisha huna koili mbili. Kuna injini za silinda nne ambazo koili moja inahudumia plagi mbili kwa pamoja, na hiyo koili inapiga mara moja tu kwa kila mzunguko, ukifunga wa kijani kwenye koili moja utasoma nusu hata kama umechagua 4 kwa usahihi. Hapo unahitaji geji yenye chaguo la silinda mbili, au kuchukua ishara sehemu nyingine, soma jibu la koili za juu ya plagi hapo chini.

SWALI: Baada ya kufunga geji gari imegoma kuwaka kabisa, stata inazunguka vizuri ila cheche hamna. Nikichomoa geji yote inawaka. Fundi wa mtaani kaniambia geji inakula umeme wa koili.

JIBU: Geji haili umeme wa kiasi hicho. Waya wako wa kijani umegusa bodi mahali fulani, au umeubadilisha na mweusi, ukafunga ethi ya geji kwenye koili. Koili inapiga cheche pale upande wa hasi unapoachiwa, sasa wewe umeushikilia kwenye bodi muda wote hauachiwi hata sekunde moja, cheche itatoka wapi? Na usiendelee kujaribu stata wala kuacha ufunguo umewashwa, koili inapitisha umeme mfululizo inachemka, nyingine zinapasuka. Chomoa wa kijani peke yake pale kwenye koili uwashe, ikiwaka basi fuata waya toka mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi utakuta umebanwa na boneti, au na bolti, au pale kwenye lile tundu lisilo na raba nililolisema juu.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ni ya kisasa kidogo, kila plagi ina koili yake juu, hakuna distributa. Nimetafuta hasi ya koili siioni, kila koili ina nyaya nne. Nifunge ipi?

JIBU: Marahaba. Usifunge yoyote kwanza! Koili za namna yako zina kikatio chao ndani, ile hasi ya kizamani imefichwa humo humo na huwezi kuifikia. Katika zile nyaya nne kwa kawaida mmoja ni moto, mmoja ethi, mmoja ni amri inayotoka kwenye kompyuta ya gari na mmoja unarudisha jibu kwamba cheche imepigwa. Amri yenyewe ni kama volti 5 tu, geji nyingi za kizamani zinasubiri mruko mkubwa wa koili hata hazitaisikia, na hata ikisikia koili moja inapiga mara moja kwa mizunguko miwili, ukiweka 4 utasoma robo. Halafu ukikosea hapo ukaunga moto kwenye waya wa amri unaumiza kompyuta, na hiyo bei yake hailingani kabisa na kageji.

Njia nzuri ni kutafuta waya wa RPM unaotoka kwenye kompyuta. Gari nyingi zinao hata kama dashibodi haina geji, pata mchoro wa umeme wa injini yako hasa, sio wa gari inayofanana nayo kwa sura. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti na ndani yake kuna tundu limeandikwa IG-, pale ndo penyewe, unachukua ishara bila kukata waya wowote. Kama ishara ya kompyuta inakuja lakini mshale haushtuki huenda inahitaji rezista ya kuvutia juu kati yake na moto wa swichi, kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye kipimo.

Njia ya pili wengi hawaifikirii, geji ya kuchomeka kwenye soketi ya OBD2, ile ya kupimia kompyuta ya gari. Marekani soketi hiyo ni lazima tangu gari za 1996, Ulaya kwa petroli tangu 2001, kwa hiyo angalia chini ya usukani. Inauliza kompyuta mizunguko ni mingapi na kompyuta inajibu, hakuna kuchagua silinda wala kutafuta koili. Kasoro yake ni kuchelewa, ukipiga resi ghafla namba inafuata nyuma kidogo. Kwa mtu wa mashindano hiyo ni shida, kwako wewe wa kwenda kazini na kurudi sioni tatizo.

SWALI: Pikapu yangu ni dizeli, haina plagi wala koili. Kuna jamaa kanifungia geji ya petroli kwenye alteneta, sasa gari iko sailensi inasoma zaidi ya 4000!

JIBU: Nimecheka, samahani. Mahali amepapata sawa, geji ndo siyo. Dizeli haina cheche za kuhesabu, kwa hiyo tunachukua ishara kwenye alteneta, temino yenye herufi W, umeme wa pale haujapita kwenye dayodi za kuunyoosha, bado unapanda na kushuka. Shida ni wingi wake. Alteneta nyingi zina ncha 12 za sumaku, hiyo ni mapigo sita kwa mzunguko wake mmoja, na puli yake ni ndogo kuliko ya krenki, tuseme inazunguka mara mbili injini ikizunguka mara moja, jumla mapigo 12. Geji ya petroli ya silinda nne inategemea mawili. Kwa hiyo inakusomea mara sita, 750 inakuwa 4500, na hakuna swichi ya 4, 6, 8 itakayookoa hapo. Nunua geji ya dizeli yenye kurekebishwa kwa alteneta, kisha bandika kipande cha stika inayong'aa kwenye puli ya krenki upime na takometa ya mwanga, urekebishe mpaka zifanane. Ukibadili puli au alteneta unarekebisha upya. Na belti ikilegea ikateleza mshale utashuka hata kama injini haijashuka.

SWALI: Mshale unaruka ruka kama una wazimu hasa nikipiga resi.

JIBU: Anza na ethi, kwangua upya. Halafu tenganisha waya wa kijani na waya za plagi, kama umezifunga pamoja na klipu ili zipendeze ndo hapo kelele zinapoingilia. Waya za plagi zisizo na ukinzani nazo ni balaa. Na kama gari bado ni ya pointi, vile vikatio vya zamani ndani ya distributa, na mshale unaruka mahali pale pale, angalia pointi na kondensa, huenda geji iko sawa na injini ndo inakwambia inamisi, yaani inaruka cheche.

SWALI: Naweza kuifunga kwenye nguzo ya kioo cha mbele ili niione vizuri? Gari ni otomatiki.

JIBU: Kama nguzo imeandikwa au ina alama ya eabegi usitoboe, mfuko wa pazia unapita humo, na soketi yoyote ya njano utakayokutana nayo iache kama ilivyo. Weka juu ya dashibodi nyuma ya usukani. Ila kwa otomatiki ya kawaida, kwa maoni yangu, pesa hiyo bora uweke geji ya joto la mafuta ya giaboksi.