Strati za autokrosi kwa bei nafuu: usinunue kliki

Kila anayeanza autokrosi, yaani mbio za kushindana na saa kati ya koni, huku Marekani na gari lake la kila siku huuliza swali lile lile akishamaliza kuhangaika na matairi: ninunue strati gani za kurekebisha (shokapu zinazobeba springi) ambazo hazitanimaliza mfukoni? Mimi sianzi na jina la kampuni. Naanza na hili: ukizungusha ile skrubu ya juu ya kurekebisha ugumu wake, ndani kunabadilika nini?

Ninaendesha Subaru Impreza WRX ya 2004, yenye strati kwenye magurudumu yote manne. Shokapu ya kawaida kazi yake ni kutuliza springi basi. Strati inaituliza springi, inaibeba, na tena ndiyo inayolishika gurudumu lisilale. Ukiingia kona kwa nguvu, fimbo yake inasukumwa ubavuni. Strati hafifu haiishii kuyumbisha gari tu. Fimbo inasaga bushi ya ndani, sili inaanza kuvuja, na kile ulicholipia kinakwisha kabla ya msimu. Ndiyo maana nikiona seti mpya ya strati nne inauzwa kwa bei ya matairi mawili, naiacha dukani.

Sasa tazama mchezo wenyewe. Autokrosi ya chama cha SCCA (Sports Car Club of America) hufanyika kwenye maegesho makubwa au uwanja wa ndege wa zamani, njia imepangwa kwa koni za plastiki, magari yanashindana na saa, na mzunguko mmoja mara nyingi unakwisha ndani ya dakika moja hivi. Kushoto, kulia, kushoto tena, breki, geuka. Gari halipati nafasi ya kutulia kwenye kona. Springi na stabilaiza (ile fimbo inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia) ndizo zinazoamua bodi italala kiasi gani. Shokapu inaamua italala haraka kiasi gani na itainuka vipi. Katika njia ya namna hii, sehemu kubwa ya mbio iko kwenye yale mageuko, na hapo shokapu ndiyo inayotawala.

Kuna strati zenye skrubu inayobadilisha ugumu wa kurefuka peke yake, yaani ile nguvu inayoizuia springi isiruke ikishabonyezwa. KONI Sport, zile za njano, ziko hivyo. Kuna zenye skrubu moja inayokaza kubonyea na kurefuka kwa pamoja; BC Racing za aina ya BR, zinazotoka Taiwan na kuja na springi zake, ziko hapa na zina hatua, yaani kliki, 30. Tokico Illumina za zamani nazo zilikuwa hivyo, hatua 5, ila siku hizi utazipata mkononi mwa mtu tu. Na kuna zenye skrubu mbili, kila moja na kazi yake. Hizo za mwisho ni nzuri, lakini bei yake haingii kwenye mazungumzo haya.

Kwa mwenye springi za kiwandani, mimi nachagua ya kurefuka peke yake. Springi za kiwandani ni laini. Uzito ukihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, tatizo lako kubwa ni upande uliobonyea kuinuka kwa pupa na kuitupa bodi. Ukikaza kurefuka, bodi inahama kwa utulivu na usukani unajibu mapema. Ukikaza na kubonyea pia, tairi linaanza kudunda kila likipita kwenye mshono wa zege, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Skrubu ya pamoja inakuuzia mambo hayo mawili kwa mkupuo hata ukitaka moja.

Wingi wa kliki usikuvutie. Mara nyingi mabadiliko yenye maana yamerundikana kwenye hatua chache, na zilizobaki huwezi kuzihisi. Jambo zito zaidi ni kama strati ya kushoto inafanana na ya kulia. Kwenye vitu vya bei ya chini hapo ndipo pana udhaifu, na hapo ndipo unapoweza kupima mwenyewe.

Nikinunua zilizotumika, nazisimamisha mbili sakafuni bila springi, skrubu zote zikiwa mwisho wa ulaini. Nazibonyeza mpaka chini, naziachia kwa pamoja. Zenye gesi zinapanda zenyewe. Nataka zipande sambamba, bila kukwama. Kisha nazungusha skrubu zote mbili kiasi kile kile na kurudia. Moja ikifika juu wakati mwenzake bado yuko njiani, siinunui jozi hiyo. Halafu naishika fimbo, naivuta na kuisukuma kifupi kifupi: pakiwa na nafasi tupu pale mwendo unapogeuka, ndani kumechoka au mafuta yamepungua. Mwisho napitisha ukucha kwenye fimbo kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili haina siku nyingi.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu cha kanuni cha SCCA cha mwaka huo. Daraja la Street linakuruhusu kubadilisha shokapu, lakini springi lazima zibaki za kiwandani. Ukifunga seti kamili yenye springi zake na kimo cha kurekebisha, unahamia daraja jingine, na huko utakutana na magari yaliyoandaliwa kwa kina kuliko lako. Watu wengi hawalitazami hili mapema, nalo linaumiza: umetoa pesa nyingi, na wapinzani wamekuwa wagumu zaidi.

Piga pia hesabu ya vitu vya pembeni. Mauntingi za juu zilizochoka, raba za ndani za kuzuia mgongano, vizuia vumbi, alaimenti. Kwa baadhi ya magari KONI hawauzi strati nzima, wanauza moyo wake tu: fundi anakata kichwa cha strati ya zamani, anamwaga mafuta, anatoboa kitako, anaingiza moyo mpya na kuukaza kwa bolti kutoka chini. Kazi hiyo si ngumu kwa fundi makini, ila gharama yake lazima iwe kwenye bajeti yako. Na kwenye Subaru, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazofunga strati ya mbele kwenye gurudumu ndiyo inayopanga mlalo wa tairi. Itie alama ya rangi kabla ya kuifungua, kisha nenda kwenye alaimenti hata hivyo.

Ndugu zangu wa Kenya, kwenu autokrosi ni ya vumbi na murram, kwa hiyo msichukue ushauri huu mzimamzima. Strati fupi za lami zitafika mwisho wa mwendo wake kwenye shimo la kwanza. Tafuteni fimbo nene, mwendo mrefu na kizuia vumbi kisichopasuka, na mkilazimika kuchagua kati ya skrubu na uimara, chukueni uimara.

Zikishafungwa, anza na ulaini wa mwisho pande zote na uhesabu kutoka hapo. Impreza ina pua nzito, hupenda kwenda mbele badala ya kugeuka, kwa hiyo naongeza nyuma kwanza, robo mzunguko kwa wakati, pande zote mbili sawa. Tairi la nyuma la ndani likianza kurukaruka, narudisha robo. Sigusi mbele mpaka nyuma iwe imekaa sawa, na sibadilishi upepo wa matairi mzunguko ule ule niliogusa skrubu, maana sitajua ni kipi kilichonipa sekunde. Naandika kwenye daftari muda, upepo, hesabu ya robo, na kama lami ilikuwa ya baridi au imeshapata jua.