Mkaa Amilifu kwenye Tangi la Matumbawe: Kidogo, Tena Mara kwa Mara

Baada ya kufuga matumbawe nyumbani kwa miaka mingi, nimefikia msimamo kwamba mkaa amilifu (mkaa maalumu wa kusafishia maji) mchache unaobadilishwa mara kwa mara una faida kubwa kuliko mfuko mzito unaotumbukizwa kwenye sampu, yaani tangi la pembeni la kuchujia maji, na kusahauliwa humo. Wanaoulalamikia mkaa huu kwa kawaida wameutumia kwa namna hiyo ya pili.

Chembe zake zina vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja tu huwa na uso wa ndani unaozidi mita 500 za mraba, na mara nyingi hata 1,000. Mabaki ya viumbe hai yaliyoyeyuka majini, yale yanayoyapa maji umanjano na harufu, hunasa kwenye kuta za vitundu hivyo. Amonia, naitreti na chumvi hazinaswi kwa kiwango chochote cha maana, kwa hiyo anayetarajia mkaa umpunguzie naitreti anapaswa kutazama kwingine: kiasi cha chakula anachotoa, skima yake (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) na ubadilishaji wa maji.

Faida ninayoithamini zaidi haionekani kwa macho. Matumbawe hupigania nafasi kwa kemikali, na matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia hutoa sumu za jamii ya terpeni zinazodumaza matumbawe magumu yaliyo jirani. Baharini mkondo huzibeba na kuzitawanya. Ndani ya tangi maji ni yaleyale yanayozunguka, na sumu hujilimbikiza. Ndiyo maana katika tangi lililochanganya aina hizo mbili mimi hukaa na mkaa wakati wote, na ninapokata vipande vya matumbawe laini huweka mkaa mpya siku hiyohiyo, kwa sababu jeraha huachia sumu nyingi kwa mkupuo. Wenye zoanthidi, viumbe wa baharini walio ndugu wa matumbawe, wasidhani kwamba mkaa unawaondolea haja ya glavu na miwani ya kukinga macho, kwani baadhi yake hubeba palitoksini, sumu iliyo hatari kwa binadamu pia.

Tatizo ambalo wageni wa kazi hii hawalitarajii ni mwanga. Umanjano wa maji hufyonza hasa mwanga wa buluu na zambarau, ambao matumbawe huutegemea sana, kwa hiyo maji yaliyokaa muda mrefu bila mkaa yakitakaswa ghafla, matumbawe hupigwa na mwanga mkali kuliko yaliouzoea na yanaweza kupauka ingawa taa haijaguswa. Nashauri kuanza na sehemu ndogo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo na kuongeza polepole, au kupunguza nguvu ya taa kwanza. Ili kujua kama mkaa bado unafanya kazi, jaza maji ya tangi kwenye ndoo nyeupe na uyalinganishe na maji mapya ya chumvi. Umanjano ukianza kurudi, mkaa umeshiba. Kwangu hali hiyo hutokea katika muda wa wiki tatu au nne hivi.

Kuhusu aina, ninapenda punje ngumu zisizotoa vumbi jingi. Kabla ya kutumia aina mpya, loweka kiasi chake kwenye maji yasiyo na madini kwa usiku mmoja, kisha upime fosfeti, kwa kuwa baadhi ya mikaa huiachia majini. Suuza hadi maji yatoke meupe. Usafi huo si wa mapambo tu: vumbi la mkaa limehusishwa na ugonjwa wa kumomonyoka ngozi ya kichwa na ubavu, hasa kwa samaki wa jamii ya kangaja. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia riakta, yaani chombo kinachopitisha maji katikati ya mkaa, adhibiti kasi ya maji ili punje zisirukeruke na kusagana, na aweke sifongo mbele yake ili uchafu usizibe vitundu. Mfuko wa wavu uliowekwa mahali ambapo maji yanalazimika kupita unatosha kwa tangi dogo. Ukielea pembeni, maji huukwepa.

Kuoka mkaa uliotumika kwenye jiko la nyumbani ni kupoteza gesi. Kuufufua kunahitaji mamia ya nyuzi joto, kiwango ambacho oveni ya jikoni haifiki, utupe.

Samaki wanapotibiwa, utoe mkaa kwanza, kwani hunasa dawa nyingi na kuifanya tiba kuwa kazi bure. Muda wa tiba uliotajwa kwenye maelekezo ukiisha, rudisha mkaa mpya, nao utaondoa masalia ya dawa yaliyobaki majini.