Ajenti akikataa kusaini, mshindi asitangazwe?

SWALI: Salamu mhariri. 2022 nilikuwa ajenti (wakala) wa mgombea mmoja wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, huku kwetu. Tulihesabu kura darasani mpaka saa nane usiku, tulipomaliza ajenti wa upande wa pili akasema yeye hasaini fomu na hayo matokeo hayatangazwi. Afisa wa kituo aliyatangaza vivyo hivyo, lakini mpaka leo tukikaa kwa kahawa ni ubishi tu. Je, ajenti au hata kamishna wa tume ya uchaguzi akikataa, mshindi anaweza kukosa kutangazwa?
Ajenti wa zamani, Kilifi

JIBU: Ndugu yangu, huyo afisa alifanya vile alivyotakiwa. Kifungu cha 86 cha Katiba ya Kenya kinasema kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo anatangaza matokeo hapohapo kituoni bila kuchelewa, halafu yakifika kwa msimamizi wa uchaguzi naye anayajumlisha mbele za watu na kuyatangaza. Ni lazima. Hakuna mahali pameandikwa kwamba atangaze akijisikia ama akipata ruhusa ya ajenti.

Hiyo saini inawachanganya wengi kwa sababu nafasi yake iko kwenye fomu, mtu anaona asipoandika jina lake basi karatasi haina nguvu. Kanuni za uchaguzi zinasema ajenti asiposaini, afisa anaandika sababu, na kukosa saini peke yake hakuharibu matokeo. Na ni sawa kabisa, manake ingekuwa kinyume chake, kila anayeona ameshindwa angeficha kalamu mfukoni na hakuna mtu angewahi kutangazwa nchi hii. Huyo mwenzenu kama alikuwa na wasiwasi na hesabu, angeomba kura zihesabiwe tena palepale kabla watu hawajatoka darasani, sheria inaruhusu hata mara mbili.

Sasa kamishna. Hapo najua unakumbuka Bomas, pale Nairobi kura za urais zilipojumlishwa, Agosti 15, 2022. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9 na Kifungu cha 138 kinampa mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi, siku saba kutangaza rais, kwa hivyo mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Wafula Chebukati, alikuwa amebakiwa na siku moja tu. Makamishna wanne kati ya saba wakatoka wakaenda hoteli ya Serena kusema hawayatambui matokeo, na yeye akamtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu na Septemba 5 majaji wote saba wakakubaliana kwamba Ruto alichaguliwa kihalali. Lakini sikiza hapa vizuri, kwa sababu watu wengi walibeba nusu ya uamuzi: majaji walisema kujumlisha na kuhakiki kura ni kazi ya tume nzima, mwenyekiti hawezi kujitwalia peke yake. Kutangaza ndio kazi yake. Na wale wanne hawakuleta ushahidi wowote kwamba hesabu zilibadilishwa, kwa hivyo ugomvi wao wa ofisini haukutosha kufuta kura za mamilioni ya watu waliopanga laini tangu alfajiri.

Mimi jambo hili linanigusa sana kwa sababu nakumbuka Desemba 2007, zile siku za kungoja matokeo ya urais yanakuja hayaji, watu wameganda kwenye redio, na yalipotangazwa tarehe 30 hakuna aliyeyaamini. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kwenye ghasia zilizofuata. Ndio maana Katiba ya 2010 ikaandika matokeo yatangazwe kuanzia kituoni, na 2017 Mahakama ya Rufaa kwenye kesi ya mwanaharakati Maina Kiai ikasema hesabu ya urais iliyotangazwa eneobunge ni ya mwisho, Nairobi haiwezi kuibadilisha, mwenye malalamiko aende kortini.

Na kortini huendi kabla ya tangazo, hili ndilo ningependa ukawaambie wenzako hapo kwenye kahawa. Kiti cha MCA au mbunge una siku 28 kutoka siku matokeo yalipotangazwa, urais siku saba, na ukichelewa mlango umefungwa. Kwa hivyo anayezuia tangazo anamnyima mshindi kiti chake na pia anamnyima aliyeshindwa kesi yake. (Wenzetu Tanzania wana shida nyingine, Ibara ya 41(7) ya Katiba yao inasema tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake, kwa hivyo kule tangazo ndio mwisho wa maneno.)

Afisa naye akikaa na matokeo bila sababu ya maana, kuna Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, anashtakiwa yeye binafsi. Ukiwa ajenti tena, dai nakala yako ya fomu na upige picha ile inayobandikwa mlangoni kabla hujaenda kulala, kwa jaji ile karatasi ndiyo itakayosema.