Wasomaji Wauliza: Panya-kangaruu na Hesabu Yake ya Maji

SWALI: Katika toleo lililopita mlitaja kwa sentensi moja tu kwamba yuko panya wa jangwani huko Marekani awezaye kuishi bila kunywa hata tone la maji. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama hanywi, mkojo anautoa wapi?" Nilikosa jibu. Naomba mnifafanulie. (Mwalimu wa sekondari, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, tafadhali mpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yetu, kwa sababu swali lake ndilo hasa lililowapeleka wanasayansi wawili, Knut Schmidt-Nielsen na Bodil Schmidt-Nielsen, kwenye jangwa la Arizona katika miaka ya 1940. Mnyama waliyemfuata huko ni panya-kangaruu, ambaye spishi zake zipatazo 20 huishi magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Meksiko. Yule waliyemchunguza zaidi, panya-kangaruu wa Merriam, ana uzito wa gramu 40 hivi, na chakula chake kikuu ni mbegu kavu za majani na vichaka vya jangwani.

Maji yake hutoka ndani ya mbegu hizo, ingawa ukiisaga mbegu moja kiganjani hutaona unyevu wowote. Wanga na mafuta yaliyomo kwenye mbegu yana haidrojeni, na mwili unapoyaunguza ili upate nguvu, haidrojeni hiyo huungana na oksijeni ya pumzi na kuwa maji. Jambo hili halifanyiki kwa panya huyo peke yake, kwani hata sisi tunaokula ugali tunatengeneza maji mwilini kila siku kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kwetu sisi maji hayo ni nyongeza ndogo tu juu ya yale tunayokunywa, ilhali kwake yeye yanaweza kuwa karibu mapato yake yote.

Watafiti hao wawili walifanya hesabu ambayo naomba mwalimu uiandike ubaoni, kwa maana sijaona maelezo yanayolieleza jambo hili vizuri kuliko tarakimu zenyewe. Panya-kangaruu akila gramu 100 za shayiri kavu, mwili wake hutengeneza gramu 54 za maji, yaani vijiko vikubwa vitatu na nusu. Gramu nyingine 6 hivi ni unyevu ambao shayiri ilikuwa imeunyonya kutoka hewani. Jumla ya mapato ni gramu 60. Kwa upande wa matumizi, mkojo huchukua gramu 13.5, kinyesi gramu 2.6, na gramu 43.9 zilizobaki huondoka kama mvuke kwa njia ya pumzi na ngozi. Jumla ya matumizi nayo ni gramu 60. Basi mwanafunzi wako ajibiwe hivi: mkojo wa panya-kangaruu hutoka katika shayiri aliyokula.

Hesabu hiyo huwiana kwa sababu kila mahali ambapo maji yangeweza kuvuja pamezibwa. Tuanze na figo, maana ndizo zinazosifiwa zaidi. Ndani ya figo yoyote ya mnyama anyonyeshaye mna vijifereji vyembamba vilivyopinda kama kitanzi, na kadiri kitanzi kinavyokuwa kirefu ndivyo figo inavyoweza kurudisha maji mengi zaidi kwenye damu kabla mkojo haujatoka. Vitanzi vya panya-kangaruu ni virefu mno kwa kulinganisha na ukubwa wa figo zake. Binadamu aliyeishiwa maji kabisa aweza kutoa mkojo wenye chumvi na taka mara nne hivi ya damu yake, hali panya-kangaruu hufikia mara 14 au zaidi. Watafiti wale waliwalisha baadhi ya wanyama wao maharagwe ya soya, ambayo yana protini nyingi na hivyo huzalisha taka nyingi za kutolewa kwa mkojo, kisha wakawapa maji ya bahari wanywe. Baharia aliyekwama baharini akinywa maji hayo hujiharakishia kifo, kwa kuwa figo zake hulazimika kutumia maji mengi kuliko aliyokunywa ili kuitoa ile chumvi. Panya-kangaruu waliyanywa, wakaishi.

Hata hivyo, hebu mwalimu irudie ile hesabu ubaoni. Mkojo, pamoja na sifa zote za figo, ni chini ya robo ya matumizi. Karibu robo tatu ya maji huondoka kwa mvuke, na kwa maoni yangu hapo ndipo maajabu makubwa zaidi yalipo, ingawa huzungumzwa kidogo. Asubuhi ya mwezi Juni kule Njombe au Limuru, kila mtu apumuapo huona moshi mweupe ukimtoka puani. Moshi huo ni maji ya mwili yanayokwenda zake. Pua ya panya-kangaruu ina njia nyembamba sana zilizojikunja. Hewa kavu inapoingia hunyonya unyevu wa kuta za njia hizo na kuzipoza, kama vile mtungi wa udongo unavyopoa unapotoa jasho. Pumzi inapotoka mapafuni, ikiwa na joto na mvuke tele, hupita juu ya kuta zile zile zilizokwisha kupoa, na sehemu kubwa ya mvuke hugeuka kuwa maji na kubaki humo humo puani, tayari kutumika kwa pumzi ifuatayo. Hewa inayomtoka huwa ya baridi kuliko mwili wake, na ikiwa hewa ya nje ni kavu, pumzi hiyo yaweza kuwa ya baridi kuliko hata hewa aliyoivuta.

Pua hiyo husaidiwa na makazi. Mchana kutwa panya-kangaruu hukaa shimoni, na mara nyingi huuziba mlango kwa udongo kutoka ndani. Humo hewa ina unyevu kuliko nje, na mbegu alizoweka akiba huunyonya unyevu huo kidogo kidogo, hata sehemu ya mvuke uliomtoka humrudia siku anapozila. Hatokwi na jasho. Joto likimzidia kabisa hadi kumtishia uhai, hudondosha mate yakalowesha manyoya ya kidevu na koo ili yampoze, lakini hiyo ni hatua ya mwisho, kwa sababu maji hayo yamepotea moja kwa moja.

Lipo sahihisho moja ambalo nalazimika kulifanya kwa sentensi yetu ya toleo lililopita. Tuliandika kana kwamba kila panya-kangaruu, mahali popote na msimu wowote, huishi kwa mbegu kavu pekee. Watafiti waliorudia suala hili katika jangwa la Sonora, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walionyesha kwamba mashimo ya panya-kangaruu wa Merriam si marefu kwenda chini kama tulivyodhani, na kwamba wakati wa kiangazi joto humo huzidi nyuzi 30 za selsiasi. Katika hali hiyo wanyama hao hula pia majani mabichi na wadudu wanapowapata. Uwezo wa kuishi bila kunywa upo, nao umethibitishwa, ila mnyama mwenye akili zake haachi jani bichi lililo mbele yake ati kwa sababu angeweza kuvumilia.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Tucson, Arizona, na kazi yangu ni kuendesha lori usiku. Mara nyingi taa zangu humwangaza mnyama mdogo mwenye mkia mrefu wenye kishungi, anayeruka kwa miguu miwili kama mpira. Akishtuka hurukia upande ambao hukutarajia. Je, ni ndugu wa kangaruu wa Australia? Na kwa nini huruka ovyo namna ile? (Msomaji, Tucson)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako hapana shaka umemwona panya-kangaruu, nasi tunakuonea wivu. Si ndugu wa kangaruu. Kangaruu hulea mtoto wake ndani ya mfuko wa tumboni, na panya-kangaruu ni mgugunaji, wa kundi moja kubwa na panya, kindi na nungunungu. Wala hata kwa panya wa nyumbani undugu wake si wa karibu. Mifuko anayo, lakini iko mashavuni, nje ya kinywa, nayo imetandikwa manyoya kwa ndani. Huijaza mbegu kwa mikono yake mifupi, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, kisha hukimbilia shimoni kuimwaga. Ukavu wa mifuko hiyo si jambo dogo: mbegu hubebwa bila kuloweshwa na mate, yaani hata hapo maji hayapotei.

Kuruka kwake si kwa ovyo hata kidogo. Maadui zake wakubwa ni bundi, mbweha na nyoka wenye njuga mkiani, na karibu mwili wake wote umeumbwa kwa ajili yao. Nyuma ya fuvu lake mna vyumba viwili vya mifupa vilivyovimba, ambavyo ni sehemu ya sikio, na kazi yake ni kukuza sauti nzito za chini, zikiwemo mvumo wa mabawa ya bundi na mchakato hafifu wa nyoka anayerusha kichwa. Majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba wanyama waliopunguziwa nafasi ya vyumba hivyo walishindwa kumkwepa nyoka gizani.

Miaka ya karibuni watafiti wamekesha jangwani na kamera zenye kasi kubwa, wakirekodi nyoka akimshambulia panya-kangaruu wa jangwani. Ukiitazama picha hiyo pole pole, utamwona nyoka akikunjuka, na kabla meno hayajafika, panya amekwisha kuondoka ardhini. Waliokuwa wepesi kuliko wote walianza kuruka ndani ya milisekunde 38 tu, muda ambao wewe na mimi hatujafika hata nusu ya kupepesa jicho. Akiwa hewani huuzungusha mkia ili ajigeuze, na pengine humpiga nyoka teke la kichwa kwa miguu yote miwili ya nyuma, nyoka akarushwa pembeni, naye akatua mbali akiwa mzima. Upande atakaoangukia haubashiriki, na hiyo ndiyo kinga yenyewe.

Siku nyingine ukisimamisha lori mahali pa kimya, zima injini usikilize. Panya-kangaruu mwenye mkia wa bendera, ambaye ni mkubwa zaidi na huishi pande zenu, hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma kama ngoma. Kila mmoja ana mapigo yake yanayotambulikana na majirani, na nyoka akikaribia hupigiwa ngoma hiyo ili ajue kwamba amekwisha kuonekana.

SWALI: Je, huku Afrika Mashariki hatuna mnyama kama huyo? (Mwanafunzi, Garissa)

JIBU: Panya-kangaruu hayupo, ila kamendegere yupo, anayepatikana Kenya na Tanzania. Naye ni mgugunaji arukaye kwa miguu ya nyuma, hutoka usiku na kulala shimoni mchana, lakini ni mkubwa kama sungura na hula zaidi majani na mizizi. Hawana undugu wa karibu, bali maisha ya uwandani yamewapa umbo linalofanana. Panya buku wetu naye ana mifuko mashavuni, lakini yake imo ndani ya kinywa.

SWALI: Mnyama mdogo kiasi hicho ana umuhimu gani kwa jangwa? Akitoweka, kitapungua nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Swali hili lina jibu lililopimwa, jambo ambalo ni nadra. Mwaka 1977 mwanaikolojia James Brown na wenzake walianzisha utafiti karibu na mji mdogo wa Portal, Arizona. Walizungushia uzio vipande vya ardhi, na katika baadhi yake wakaacha vitundu vinavyowapitisha panya wadogo lakini si panya-kangaruu. Hawakubadilisha kitu kingine. Baada ya miaka 12 hivi, vipande vilivyowakosa panya-kangaruu vilikuwa vimeacha kufanana na jangwa la vichaka na kuota nyasi ndefu. Spishi tatu za mnyama anayeenea kiganjani ndizo zilizokuwa zikiizuia mbuga isiingie, kwa kula mbegu kubwa na kuifukua ardhi kila usiku. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990.

Wengine hupanda pasipo kukusudia. Panya-kangaruu wa Merriam huficha mbegu chache chache katika vishimo vingi vya juu juu, na asizozirudia huota mvua ikinyesha.

Ama kuhusu kutoweka, hofu yako ina msingi. Panya-kangaruu mkubwa kuliko wote, anayekausha mbegu zake juani katika vishimo vidogo kabla ya kuziingiza ghalani, aliishi katika Bonde la San Joaquin huko California, na mashamba yamemnyang'anya sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Tangu mwaka 1987 amekuwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya wanyama walio hatarini. Mwingine, panya-kangaruu wa San Quintín wa Baja California nchini Meksiko, hakuonekana tena baada ya mwaka 1986, na kilimo kilikuwa kimekwisha kuyala makazi yake, hata wengi wakaamini kwamba ametoweka. Mwaka 2017 watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya San Diego, waliokuwa wakitega mitego kuhesabu wanyama wadogo wa eneo hilo, walifungua mitego yao wakamkuta humo akiwa hai.