Maswali ya Wasomaji: Mji wa Mezani na Tramu ya Mwanjelwa

Tangu nilipoeleza hapa kwamba chumbani kwangu Mbeya kuna mji mdogo wa mezani wenye tramu, yaani treni fupi ya umeme ya mitaani, wasomaji mmeniandikia kuliko ninavyoweza kujibu kwa mara moja. Leo najibu watano. La kijana wa Uyole limechukua nafasi kubwa, kwa sababu wengi wenu mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Uyole, nina miaka 24. Niliona video ya tramu za Hong Kong, zile za ghorofa zinazopita katikati ya barabara, nikatamani kutengeneza mji mdogo wenye tramu kama zile. Nina meza ya mita moja na nusu tu. Nianze na tramu au nyumba? Kila kitu kiwe na ukubwa gani? Na reli nitazipata wapi?

Marahaba mwanangu. Usianze na tramu wala nyumba. Anza na skeli, yaani kila kitu cha kweli utakipunguza mara ngapi, kabla hujakata hata kipande cha boksi. Mji wangu wa kwanza niliujenga miezi minane nikauvunja wote, kwa kuwa kila nyumba niliikadiria kwa macho. Siku nilipoweka basi mbele ya duka, mlango wa duka ukawa mrefu kuliko basi. Iliniuma sana. Usipitie nilikopitia.

Mimi natumia skeli ya 1:64, yaani sentimita 64 za kweli zinakuwa sentimita 1 mezani. Sababu ya kwanza utaikuta sokoni Mwanjelwa: vile vigari vya chuma wanavyonunuliwa watoto, vingi vinakaribia skeli hiyo. Nenda na rula. Gari dogo la kweli lenye urefu wa mita 4.2 linapaswa kuwa milimita 66 hivi. Ukikuta lori lina urefu uleule wa teksi, liache hapohapo, maana viwanda huyabana magari makubwa yaingie kwenye pakiti.

Sababu ya pili ni reli. Upana kati ya reli mbili za TAZARA, ile njia ya treni ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067. Gawa kwa 64, unapata 16.7. Sasa, reli za mfano zinazotumika zaidi duniani, zinazoitwa HO, zina upana wa milimita 16.5. Tofauti hiyo jicho haliioni. Wenzetu wa New Zealand na Afrika Kusini, ambao treni zao nazo hupita kwenye reli za 1,067, wamekuwa wakitumia hesabu hiyohiyo. Na hili litakufurahisha: tramu za Hong Kong, zilizoanza kazi mwaka 1904, nazo ziko kwenye reli za milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ni 1,000 na ile mpya ya SGR ni 1,435, kwa hiyo kwa upana wa magurudumu tramu yako ya Hong Kong ingekaa hapa kwetu Mbeya, isingekaa Dodoma. Nilipoligundua hilo sikulala mapema.

Meza yako ya mita moja na nusu ni mita 96 za mtaa. Hizo ni chache, kubali tangu mwanzo. Chagua kona moja unayoijua hata ukifumba macho: duka la dawa, kibanda cha chipsi, bajaji tano zikisubiri abiria, mfereji wa maji ya mvua. Tramu ya Hong Kong ina magurudumu manne tu na ni fupi, hivyo hukata kona kali. Mimi nimechora kona ya nusu kipenyo cha sentimita 25 nayo inapita vizuri. Meza ikiwa na upana wa sentimita 60, mzunguko mzima unaingia.

Reli utaziokota kwenye mabaki ya waya za nyumba. Chukua waya wa shaba wa 2.5, ule wa uzi mmoja, uuvue plastiki. Funga ncha moja kwenye msumari imara, shika ncha nyingine kwa plaizi na uvute polepole hadi uhisi waya umekubali kurefuka kidogo. Utanyooka kama umepigwa rula na utakuwa mgumu kuliko mwanzo. Mataruma, yaani vile vilalio vya reli, yakate kwenye bodi za redio zilizokufa, zile zenye shaba upande mmoja, kisha lehemu reli juu yake. Wewe ni fundi simu, mkono wako tayari unajua risasi ya kulehemu inavyotembea. Ili upana usibadilike, tengeneza kipimo cha mbao chenye mikato miwili ya msumeno iliyoachana milimita 16.5, ukitembeze mbele ya kazi kila unapolehemu. Mtaani mataruma hayaonekani: fukia kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukiacha mfereji wa milimita 2 upande wa ndani wa kila reli ili ukingo wa gurudumu upite.

Magurudumu ndiyo kazi ngumu, sitakuficha. Nilijaribu vifuniko, vifungo vya shati na magurudumu ya vigari vya plastiki, yote yalidondoka kwenye kona. Mwishowe nilikerezewa manne ya shaba nyeupe na fundi wa vyuma eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kama una ndugu anayekuja kutoka nje ya nchi, mwagize magurudumu ya HO. Ni kitu pekee ambacho ningekushauri utoe fedha ya kununua.

Tramu ya kweli huchukua umeme kwenye waya wa juu kwa mti unaoteleza chini ya waya huo, na umeme hurudi kwa njia ya reli. Wewe weka betri ndani ya tramu. Vumbi letu la kuanzia Julai hadi Oktoba hukaa juu ya reli, na ukipitisha umeme humo utashinda unafuta badala ya kuendesha. Mota chukua kwenye mlango wa deki ya DVD iliyokufa, pamoja na vigurudumu vyake vya meno, ili mwendo uwe wa pole. Betri ndogo ya volti 3.7 inatosha. Iliyovimba usiiguse hata kama bado inawaka, na usilehemu moja kwa moja juu ya betri. Hilo unalijua kuliko mimi, nimeliandika kwa ajili ya wengine.

Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu, Iringa mjini. Wanafunzi wangu wanataka kutengeneza mtaa wa zamani wenye Boma na nyuma yake Gangilonga. Kuta za mawe na mabati tunayafanyaje bila kununua chochote?

Kamwene mwalimu. Kuta za mawe zipo kwenye trei la mayai. Lile la karatasi ya kijivu lina uso wenye chembechembe kama jiwe lililochongwa. Wanafunzi wakate vipande vidogo visivyolingana, wavigandishe kimoja kimoja kwenye boksi, wapake gundi ya mbao iliyotiwa maji, kisha rangi. Boma lenu ni jengo la enzi za Mjerumani na leo ni makumbusho, basi wapeleke hapo na rula na daftari kabla hawajashika mkasi. Wapime mlango mmoja tu. Mlango huo utawapa madirisha, na madirisha yatawapa ukuta mzima.

Mabati ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu mji wetu ukiutazama kutoka mlima Loleza ni mabati matupu. Migongo ya bati la kawaida huachana kama milimita 76. Katika skeli ya 1:64 hiyo ni milimita 1.2. Sasa chukua boliti ndefu ya milimita 8: meno yake ya kawaida yameachana milimita 1.25! Weka foili ya jikoni juu ya kandambili iliyochakaa, viringisha boliti juu yake ukiikandamiza, unapata bati. Kata vipande vya milimita 48 kwa 12, hilo ni bati la futi kumi. Vipishanishe ukingoni kama anavyofanya fundi wa paa, paka rangi ya kutu hapa na pale, na kimoja kiache kipya kabisa, maana kila nyumba kwetu ina bati moja lililobadilishwa mwaka jana.

Gangilonga msiitengeneze. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na jiwe halina cha kuiga isipokuwa jiwe. Tafuteni kokoto nzuri ya hapohapo Iringa, muiweke. Miti ichongeni kutoka kwenye dodoki lililokauka, lililopakwa kijani cha aina mbili.

Mimi niko Tukuyu. Ubao wangu umepinda mvua zilipoanza, reli zimeachia katikati. Nifanye nini?

Pole sana ndugu yangu, Tukuyu mvua haina mchezo. Ulipaka vanishi juu tu, sivyo? Plaiwudi ikinywa unyevu upande mmoja hupinda. Ikaushe ndani kwa wiki mbili juu ya fremu, usiilaze sakafuni, kisha paka pande zote na kingo zote, hasa kingo. Chini piga fremu ya mbao, na kila sentimita 40 weka mbao ya kukatiza. Reli acha nafasi ya upana wa wembe kila baada ya nusu mita.

Halafu majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, ambayo ninyi wa Rungwe mnayamwaga kila asubuhi, yakaangeni hadi yakauke kabisa. Ndiyo udongo mzuri kuliko wote wa mezani. Yakibaki na unyevu yataota ukungu.

Mzee mwenzangu, salaam kutoka Makambako. Mbeya haijawahi kuwa na tramu hata siku moja. Tuna TAZARA, reli ya heshima, iliyopita kwenye mahandaki na madaraja mpaka hapa kwangu. Kwa nini unawafundisha vijana kitu ambacho hakikuwepo?

Salaam mzee mwenzangu. Swali lako ni la haki, na TAZARA naipenda kama wewe. Mwaka 1976 reli ilipokabidhiwa nilikuwa mtoto wa shule, na honi ya treni usiku ndiyo sauti ya utoto wangu. Lakini fanya hesabu nami. Behewa la mita 20 katika skeli yetu ni sentimita 31. Mabehewa kumi na kichwa chake yanazidi mita 3. Chumba changu kina mita 3 kwa mbili na nusu. Reli yote ya kilomita 1,860 ingekuwa kilomita 29 za meza. Treni inataka nchi, mzee mwenzangu. Tramu inatosheka na mtaa.

Na reli za mitaani si jambo geni kwenye pwani yetu. Mombasa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu walikaa kwenye vitoroli vilivyosukumwa na vijana juu ya reli nyembamba mjini. Unguja, mapema karne ya 20, garimoshi la Bububu lilipita katikati ya nyumba za mji.

Sababu yangu ya kweli, hata hivyo, ni mama yangu. Alikuwa akiuza viazi. Gunia alilipeleka sokoni nusunusu, kichwani, na kilima cha njiani alikipanda mara mbili kwa siku. Nikiwa nimeshika kanga yake nilikuwa nikiwaza kitu kingekuja kutubeba. Mezani kwangu kimekuja. Kituo cha kwanza cha tramu kiko chini ya kilima kile, nacho kina ubapa mpana wa kushushia magunia, ambao sijauona kwenye picha ya tramu yoyote. Nimeuweka mwenyewe.

Ukipita Mbeya karibu, nitakuonyesha. Na kama utajenga handaki moja la TAZARA, la njia ya kutokea Mlimba, hata la mita moja, nitapanda basi nije kulitazama.

Shikamoo babu. Niko darasa la sita, Chimala. Watu wa mjini kwako umewatengeneza kwa kitu gani?

Marahaba mjukuu wangu. Chukua waya mwembamba wa ndani ya chaja iliyokufa, mwombe kwanza mwenye chaja. Kunja upate miguu miwili, mikono miwili na kitanzi cha kichwa, urefu wote milimita 25. Zungushia karatasi ya chooni iliyoloweshwa gundi ya mbao, acha ikauke siku nzima, ndipo upake rangi kwa ncha ya sindano. Ndoo ya kichwani ni kipande cha mrija wa soda, milimita 5, kilichozibwa chini kwa gundi. Kitenge kipake rangi moja kwanza, ikikauka ndipo uweke nukta, na nukta ziwe chache kuliko unavyotamani. Anayebeba mzigo kichwani mnyooshe shingo, asiangalie chini. Mtengeneze kwanza mtu unayemjua, umtazame anavyosimama.