Usitoe pole mapema: kwa wanaokwenda kusoma lugha ya mazishi ya Toraja

Ukifika Toraja, kwenye milima ya Sulawesi Kusini, Indonesia, usiwe na haraka ya kutumia maneno uliyokariri. Mimi nilikosea sebuleni, kinasa sauti kikiwa bado mkobani.

Ilikuwa nyumba moja karibu na Rantepao. Chumba cha upande wa kusini alilazwa mzee aliyekata roho miezi saba nyuma. Nami, mtoto wa "poleni na msiba", nikatoa pole zangu kwa neno mate, kufa. Bibi mwenye nyumba hakukasirika. Alimimina kahawa, akaingia chumbani, akaiweka karibu na kichwa cha mzee na kumwambia kuna mgeni. Aliporudi akanirekebisha: huyu ni to makula', mgonjwa.

Huitwa hivyo mpaka shughuli ya mazishi, Rambu Solo', ianze, ndipo anakuwa to mate, maiti. Shughuli husubiri ndugu walio mbali na fedha za nyati wa kuchinja, kwa hiyo "ugonjwa" unaweza kuchukua miaka. Daftarini nilikuwa nimeandika "tafsida". Nikafuta. Sisi tukisema "ametutoka" tunalainisha jambo lililokwisha. Kwao halijaisha, bado wanamuuguza. Tafsida haipelekewi kahawa.

Kazi kubwa ni badong, wimbo wa kuomboleza. Watu husimama duara, wameshikana vidole vidogo, wakaimba bila ala yoyote habari za marehemu tangu asili yake hadi safari ya kwenda Puya, nchi ya wafu. Mistari huja pacha, wa pili ukirudia wa kwanza kwa maneno mengine. Mwanzoni nilikuwa nautupa wa pili nikidhani ni wa kujazia tu. Wiki mbili za kazi zikaenda bure. Sikia methali yao, nayo imejengwa hivyo hivyo: Misa' kada dipotuo, pantan kada dipomate. Neno moja tunaishi, kila mtu na lake tunakufa. Ondoa nusu moja uone kinachobaki.

Jambo ambalo wengi hulipitia juu juu ni tabaka. Wageni tunapenda kuandika "mshikamano", na upo kweli, lakini tana' bulaan, tabaka la dhahabu, haliagwi kama tabaka la chini. Idadi ya nyati hutofautiana, na sifa pia. Kwa hiyo kabla ya kufasiri sifa yoyote, uliza marehemu ni wa nyumba gani. Uliza pia kama familia ni ya Kikristo, maana Wakristo ndio wengi siku hizi na baadhi ya maneno ya badong yamebadilishwa yaendane na imani yao.

Halafu ile alama ya mwisho wa solo' na makula' si pambo. Koo linafunga hapo. Usipoiandika, wenyeji watakusomea daftari lako kwa kicheko, kama sisi tunavyomcheka anayeandika "ngombe".